Kibali cha moshi kikiisha muda, faini huhesabiwa kwa siku

Wewe unayeanza uafisa mazingira kiwandani, kabla hujafungua ripoti yoyote, omba uone kibali cha utoaji wa hewa chafu. Angalia kinaisha lini.

Nilipoanza kazi hii nilikabidhiwa faili lenye kibali kilichokwisha muda miezi miwili nyuma. Aliyenitangulia alikuwa amepeleka maombi ya kukihuisha, yakarudishwa kwa sababu vipimo vya dohani havikuambatanishwa, na hakuna aliyefuatilia. Boila ziliwaka usiku na mchana. Kilichonitia hofu ni hesabu, kwa kuwa sheria za nchi nyingi huichukua kila siku ya kuendesha mtambo bila kibali kuwa kosa lake peke yake.

Marekani ni mfano mzuri wa kujifunzia. Huko kibali cha mitambo mikubwa hudumu hadi miaka 5, na maombi ya kukihuisha hupelekwa angalau miezi 6 kabla hakijaisha. Maombi yakiwa kamili na yamefika kwa wakati, kiwanda huendelea kufanya kazi kihalali hata mamlaka ikichelewa kujibu. Yakiwa pungufu, kinga hiyo hakuna. Kiwango cha juu cha faini ya shirikisho, kwa kosa moja kwa siku moja, kilipita dola 120,000 mwaka 2025. Juu yake, wakokotoaji wa faini huangalia pia fedha ambazo kiwanda kilibakiza kwa kutofunga vichujio au kutopima moshi, wazijumlishe kwenye faini. Bosi akikwambia kusubiri ni nafuu, mwonyeshe hapo.

Ukigundua kibali kimekwisha, mwandikie mkuu wako siku hiyohiyo. Usikubali kamwe kurudisha tarehe nyuma kwenye kumbukumbu: faini ni ya kiwanda, lakini kughushi ni jinai, na sahihi iliyo pale ni yako. Sisi tulijitokeza wenyewe kwa mamlaka. Tulilipa, na boila moja ikazimwa mpaka vipimo vikakamilika.

Na kuna mtego ambao wageni hawauoni. Kibali hutaja mitambo, mara nyingi mmoja mmoja. Jenereta kubwa ikiongezwa bila kuandikishwa, hiyo inaweza kuhesabiwa haina kibali, hata kama karatasi ya kiwanda bado ni hai. Zunguka na orodha mkononi, uhesabu kila bomba linalotoa moshi.