Kwa fundi rangi mpya wa Mtwara: tazama dirisha kabla ya kadi

Mdogo wangu unayeingia kwenye kazi hii, mteja akikupokea na kadi ya rangi mkononi, mwombe aiweke pembeni kwanza. Ingia sebuleni uone madirisha yanatazama wapi. Huku kwetu jua la mchana hukaa upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, likahamia kusini kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari hivi. Sebule yenye madirisha ya kusini tu hupooza, na kile kijivu kilichopendeza dukani humo kinaonekana kama lipu ambayo haijapakwa. Mshauri krimu. Chumba cha magharibi ni kinyume chake: pichi hafifu ikipigwa na jua la jioni inakuwa chungwa kabisa.

Mteja hataamini maneno. Chukua kipande cha jipsam bodi, kipige rangi mikono miwili, subiri kikauke, maana rangi nyingi za maji hukolea zikikauka. Kiegemeze ukutani asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka; taa nyeupe na taa ya njano hazitoi rangi moja. Akisita kati ya rangi mbili, mpe iliyo hafifu zaidi. Ikienea kuta zote nne itakolea yenyewe.

Shangani na Mikindani kuna adui mwingine, chumvi. Kuta za karibu na bahari, hasa za zamani za mawe ya matumbawe, hutoa unga mweupe. Ukishapaka maruni au bluu nzito, kila doa litaonekana kutoka mlangoni. Tafuteni kwanza unyevu unaingilia wapi. Lipu mpya ya saruji nayo iachwe wiki nne.

Milango ya mninga usiizibe kwa rangi ya mafuta, ni dhambi! Piga vanishi, kisha ukuta ndio ufuate mti. Fremu za mbao za kawaida paka, ila nyeupe ya mafuta kwenye korido yenye giza hugeuka njano kwa kukosa mwanga, bora uanze na krimu. Skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, iwe na rangi nzito kidogo, kwa sababu ya maji ya deki.

Ukimaliza, andika namba ya rangi nyuma ya mlango wa stoo. Watoto wakichora ukuta, mteja atakupigia simu.