Barua kwa mwanangu: kuhusu ile bendeji

Bombo, Jumapili alasiri

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema usiku wa Alhamisi mliletewa kijana aliyeacha waragi, pombe yetu kali ya Uganda, ghafla, yuko siku ya tatu, anatetemeka, anaona wadudu ukutani, na dripu ameshaing'oa mara mbili. Sista wa zamu akakupa bendeji, ukamfunga mikono yote miwili kitandani mpaka kulipokucha. Sasa unaniuliza: "Mama, na wewe uliwahi kufunga mtu? Kuna kufunga kunakokubalika?"

Nimefunga. Sikukujibu kwa simu kwa kuwa baba yako alikuwa amekaa pembeni, na habari hii hata yeye sijawahi kumwambia.

Ilikuwa mwaka 1994, katika hospitali ambayo sitaitaja. Wodi ya wanaume ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 50, wengine wamelala chini kwenye mikeka. Wauguzi tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa ameitwa wodi ya wazazi. Palikuwa na mzee mmoja wa huku kwetu Luwero, amevunjika nyonga, hana ndugu wa kumwuguza. Usiku akaanza kupiga kelele, anajirusha, anataka kushuka. Nikamkemea kwa Kiswahili. Unajua Kiswahili kilivyokuwa masikioni mwa wazee wa Luwero baada ya vita vya 1981 hadi 1986: lugha ya mwenye bunduki anayegonga mlango usiku. Luganda yangu ilikuwa ya sokoni, ya kuulizia bei ya matoke. Kila nilipomwambia "tulia mzee", alizidi kupigana. Nikamfunga kwa bendeji, kisha nikaandika kwenye faili: "Msumbufu. Amefungwa kwa usalama wake."

Asubuhi daktari alimwekea kiganja chini ya kitovu, akanigeukia. Kibofu kimejaa kama ngoma. Tukampitishia mpira wa mkojo, zikatoka zaidi ya lita moja, naye mzee akalala pale pale, mdomo wazi. Kumbe usiku kucha alikuwa akiniambia kwamba mkojo hautoki.

Kwa hiyo, mwanangu, mimi siwezi kuanza na swali lako la kukubalika. Naanza na la kwangu: yule kijana alikuwa anahangaishwa na nini? Mtu hageuki simba kitandani bila sababu. Huenda ni malaria imempanda kichwani. Huenda sukari imeshuka, na kwinini yenyewe huishusha. Hilo sote tulilijibu vizuri kwenye mtihani, kisha tukalisahau saa nane za usiku. Huenda hewa haimtoshi, au ana maumivu, au mkojo umeziba, au ni pombe iliyokatwa kama huyo wako. Kwa pombe iliyokatwa dawa zake unazijua: diazepamu ya kumtuliza, kwa kipimo, vitamini B1, maji, taa iwake, na mtu wa kumwambia yuko wapi. Katika ujumbe wako umeeleza bendeji kwa kirefu. Diazepamu hukuitaja hata mara moja. Je, alipewa?

Sasa nije kwenye jambo ambalo miaka 31 ya kazi ilinifundisha polepole, maana mimi si mwepesi. Faili husema mgonjwa alikuwa mkorofi. Ukweli ni kwamba wauguzi walikuwa wawili. Yule mzee angekuwa na binti yake ameketi pembeni, nisingegusa bendeji, na ukorofi wake ungekuwa ule ule. Uhaba wa watu ni wetu, wa serikali, wa bajeti, lakini tukishauandika tunampa yeye, unakuwa tabia yake. Nadhani hapo ndipo pabaya kuliko hata fundo lenyewe.

Wala si jambo la Uganda peke yetu. Mkufunzi wetu alitusimulia habari za John Conolly, daktari aliyepewa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Hanwell, London, mwaka 1839, yenye wagonjwa karibu 800, akaondoa minyororo, mikanda na viti vya kufungia. Aliweza kwa sababu alidai wahudumu wa kutosha na wenye adabu. Ila mkufunzi huyo, mzee mwenye kicheko kikavu, aliongeza kwamba waliofunguliwa mikono wengine walifungiwa mlango, kwenye vyumba vilivyotandikwa magodoro ukutani. Na baadaye zikaja sindano za kulaza, ambazo nazo zinafunga, ila hazionekani kwa mgeni anayepita wodini. Ukimchoma mtu ili yeye apone, hiyo ni tiba. Ukimchoma ili wewe upate kunywa chai, usijidanganye kwamba hukumfunga.

Sheria zipo. Katiba yetu ya 1995, kifungu cha 24, inakataza mateso na matendo ya kumdhalilisha mtu, na kifungu cha 44 kinasema hilo halina ruhusa yoyote ya kulivunja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu Uganda iliuridhia 2008. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilikuja kuondoa ile ya 1964. Nzuri zote. Hakuna hata moja iliyokuja na muuguzi wa tatu wa zamu ya usiku.

Utasema mama anazunguka. Ndiyo, kuna usiku ambao utamshika mtu. Anataka kujirusha dirishani, au ameshika chupa iliyovunjika. Hapo mshikeni, na mikono ya watu ni bora kuliko kamba, kwa kuwa mikono huchoka na ikichoka huachia. Asilazwe kifudifudi na mtu akamkalia mgongoni, hata kwa dakika moja, maana watu wamekufa hivyo kwa kukosa pumzi. Ikibidi kufunga, kidole chako kipite chini ya kitambaa. Fundo liwe kwenye chuma cha kitanda, si kwenye ubavu wa kitanda unaopandishwa na kushushwa, na liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja. Mlaze ubavu, akitapika asipaliwe. Urudi kila robo saa, umpe maji, umwulize haja. Uandike saa uliyofunga, saa uliyofungua, na idadi ya wauguzi waliokuwepo. Hiyo ya mwisho watakuchukia nayo. Iandike.

Wewe ulifunga mpaka asubuhi. Hapo, mwanangu, hata kama mwanzo ulikuwa na haki, kufikia saa kumi ulikuwa huna.

Kuhusu dripu: kama anameza, mpe anywe, dripu itoke. Kama hamezi, izungushie bendeji iyo hiyo mkono mzima asiione. Godoro liwe chini. Aliye chini haanguki. Na mwite ndugu yake. Kama hana, mwombe wa kitanda cha jirani. Watu wetu hawakatai, na pengine huyo jirani ndiye anayejua lugha yake.

Yule mzee alikaa siku tisa zaidi. Kila asubuhi nilipopita alinisalimia, "Wasuze otya nnyabo," kwa adabu zote, huku ameingiza mikono ndani ya shuka. Nilifikiri ni baridi. Siku ya kuondoka ndipo nilipoona vifundo vya mikono yake, alama bado zipo. Sikumwambia kitu. Nilikuwa na umri kama wako, nikaona muuguzi akiomba radhi wagonjwa watamdharau.

Kijana wako umesema bado yuko wodini, ametulia, anakula. Zamu yako ni Jumanne. Nenda mapema kidogo, kabla hujavaa sare.

Mama yako