Shamba la Njoro Lililohamia Somalia

SWALI: Shangazi, hujambo? Binti yangu amemaliza kidato cha nne hapa Njoro. Hesabu amepata B, fizikia B-, kemia C+. Udaktari umemponyoka, na mjomba wake anasema sasa hesabu hiyo itaishia kwenye chaki tu. Mwenyewe ualimu hautaki. Kuna kazi gani nyingine? – Mama, Njoro

JIBU: Sijambo, Mama. Mwambie mjomba kwamba mimi nimelishwa na hesabu miaka 31 bila kushika chaki. Nilikuwa mpima ardhi.

Tena nyinyi mnaishi mahali pa ajabu. Longitudo ya digrii 36 mashariki inapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru, na hapo ndipo kanda ya 36 ya ramani inapokutana na kanda ya 37. Sisi wapima huigawa dunia katika kanda, na kila kanda huhesabu upya mita zake za kuelekea mashariki. Ukipanda matatu kwenda mjini, kipimo chako cha mashariki kinaporomoka kutoka karibu mita 833,000 hadi karibu 166,000, na matatu haijaruka hata shimo. Nikiwa mwanagenzi, niliandika vipimo vya shamba la Njoro lakini nikataja kanda ya 37. Msimamizi akalichora, akaniita nilione. Lilikuwa Somalia, magharibi ya Kismayo! Ofisi ilinicheka wiki mbili.

Hesabu yenyewe si ya kutisha, nyingi ni zile sine na kosine alizozikuta shuleni. Unaanzia kwenye bikoni, yaani alama ya mpaka, unayoijua mahali pake, unazunguka shamba ukipima pembe na umbali, kisha unarudi pale pale ulipoanzia. Shamba likiwa na kona tano, pembe za ndani zifike digrii 540. Zikipungua au kuzidi kupita kiasi kinachoruhusiwa, unarudi kutafuta kosa kabla majirani hawajatoleana mapanga. Kwa hiyo mimi sijali sana hiyo B. Niambie, jibu likikataa, binti hufuta na kulala, au hurudi mstari kwa mstari? Kama hurudi, huyo ni wetu.

Kuna pia visima vya mvuke hapo Menengai na kule Olkaria, ambako umeme ulianza kuzalishwa 1981. Wanakemia hupima silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, iliyoyeyuka katika maji ya kisima, wakakisia joto la huko chini ambako hakuna mtu awezaye kufika. Kazi tamu, ila kwa C+ ya kemia mimi ningeanza na ardhi.

Diploma ya upimaji hufundishwa katika Kenya Institute of Surveying and Mapping, Nairobi. Aende mwenyewe akaulize alama wanazotaka na karo, asitegemee maneno ya mjomba. Lakini kwanza, wapima wakija kijijini kwenu, aombe kuwashikia kutwa nzima ule mlingoti wa prizimu, kioo kinachorudisha mwanga kwenye chombo cha kupimia. Avae gambuti. Mimi siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani.