Kabla hujahamisha miche ya kabichi, ipe muda wa kujenga nta

Kila mwaka masika yakikatika, mabonde ya kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, kuanzia Igombe hadi Kayenze, yanajaa vitalu vya kabichi, nyanya na sukuma wiki. Na kila mwaka nasikia malalamiko yaleyale: miche ilipendeza kitaluni, ikahamishiwa shambani, siku ya pili imelala chini, siku ya tatu majani yameungua kingo. Lawama zinaenda kwa mbegu, kwa muuza dawa, wengine wanalaumu hata maji ya ziwa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na nina bustani yangu mwambao huohuo. Kwa ninavyoona, mara nyingi hakuna wa kulaumiwa dukani. Miche imetolewa kivulini kabla majani yake hayajajenga nta ya kutosha.

Usikubali kwa maneno tu, kaangalie. Chuma jani la nje la kabichi iliyokomaa, lile lenye weupe wa kijivu juu yake. Lidondoshee maji. Tone linasimama duara, upande wake wa chini unametameta rangi ya fedha, na ukiinamisha jani linaviringika lote na kuacha pakavu. Sasa sugua nusu ya jani kwa kidole gumba, polepole. Weupe unatoka, kijani kinakolea. Dondosha maji tena palepale uliposugua: yanatandaa na kulowanisha jani. Ukimaliza, chuma jani la mche uliolelewa chini ya kivuli na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Tone halisimami vizuri. Linalala bapa, na ukiinamisha jani linajivuta na kuacha njia ya unyevu.

Hiyo nta ndiyo inayozuia maji ya ndani ya jani yasitoroke kupitia kila upenyo. Vitundu vya kupumulia mmea unaweza kuvifunga jua likiwa kali, lakini ngozi iliyobaki haina mlango wa kufunga. Ikiwa nyembamba, upepo wa mchana unaotoka ziwani unanyonya maji kwa kasi ambayo mizizi michache iliyobaki baada ya kung'olewa haiwezi kuifidia.

Kwa nini nasema ipewe muda? Kwa sababu safari ya nta mpaka kufika juu ya jani ni ndefu, na mimi naipenda sana habari yake, hivyo nivumilie.

Sehemu kubwa ya kile ulichokisugua ni nonakosani, mnyororo wa kaboni 29. Kazi ya kuutengeneza inaanzia kwenye seli za ngozi ya jani, ndani ya kloroplasti (vijumba vidogo vilivyomo ndani ya seli), ambako zinaundwa asidi za mafuta zenye kaboni 16 na 18. Zikitoka hapo zinakwenda kwenye mtandao wa tando uliomo ndani ya seli, na huko zinarefushwa kwa kuongezewa kaboni mbilimbili mpaka zinavuka 20, nyingine 30. Kisha zinatakiwa zitoke nje. Kuna utando wa seli wa kuvuka, na ng'ambo yake kuna ukuta wa seli ambao umejaa maji. Mafuta na maji hayapatani, kila mpishi anajua. Basi mafuta yanapitaje humo?

Mwaka 1975 mtafiti wa Ufaransa, Jean-Claude Kader, alieleza jinsi protini alizozipata kwenye viazi mviringo zilivyoharakisha mafuta ya aina ya fosfolipidi kuhama kutoka utando mmoja kwenda mwingine, akipima ndani ya vyombo vya maabara. Tangu hapo familia nzima ya protini za namna hiyo imegunduliwa kwenye mimea mingi. Ni ndogo sana: kundi moja lina asidi amino (vipande vinavyounganishwa kujenga protini) kama 90, jingine kama 70. Zote zina sisteini, aina mojawapo ya vipande hivyo, nane zilizofungana jozi nne, na vifungo hivyo vinaifanya protini iwe ngumu, isiyovurugwa kirahisi na joto. Katikati yake kuna uwazi unaokataa maji, na mnyororo wa mafuta unajipachika humo. Nikiwaeleza wanafunzi wangu huwa nawaambia wafikirie mtumbwi wenye paa: abiria asiyeweza kuogelea anavushwa bila kulowa.

Mwanzoni ilidhaniwa kwamba protini hizi zinazunguka ndani ya seli, zikigawa mafuta kwa tando mbalimbali. Uchunguzi ukaonyesha kwamba nyingi zinaumbwa zikiwa na alama ya kupelekwa nje, na zikakutwa kwenye ukuta wa seli. (Ndani ya seli wapo wabebaji wengine. Mmoja ni mfumo wa protini unaoitwa TGD, unaorudisha mafuta kutoka kwenye ule mtandao wa tando kwenda kloroplasti, yakajenge tando za kunasia mwanga.) Mwaka 1994 watafiti nchini Marekani walichunguza nta ya majani ya brokoli, na protini kuu waliyoikuta kwenye nta yenyewe ilikuwa ya familia hii. Hilo linatuhusu moja kwa moja, maana brokoli, kabichi na sukuma wiki ni spishi moja, Brassica oleracea. Halafu mwaka 2009, kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa ukoo wa kabichi, ikaonekana kwamba protini mojawapo iliyojitia nanga upande wa nje wa utando wa seli ikipunguzwa, nonakosani juu ya shina nayo inapungua.

Utafiti ninaoutegemea zaidi bustanini ni wa mwaka 2006, uliofanywa kwenye tumbaku mwitu inayokua kuwa mti. Mimea iliachwa ikaukiwe, ikanyweshwa, ikaachwa tena. Nta ya majani iliongezeka, na jeni za protini hizi za kubeba mafuta zikafanya kazi zaidi. Kwenye nyanya pia, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, jeni za familia hii zilionekana kuamka mmea unapokosa maji au unapokutana na chumvi. Kwa hiyo kiu ya kiasi, inayokuja na kuondoka, ni taarifa kwa mmea kwamba mambo yanabadilika. Mche usiowahi kuisikia unakutana nayo kwa mara ya kwanza shambani, siku ambayo mizizi yake imekatika.

Mama mmoja jirani yangu nilipomweleza haya aliniuliza, "Mwalimu, nikiinyima maji si ndiyo naiua mapema?" Nikamjibu, "Hapana mama, unaiacha isikie kiu halafu unainywesha. Usiizoeshe kiu ya kudumu."

Hivi ndivyo ninavyofanya. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, naanza kuondoa nyasi za kivuli. Siku za mwanzo naziondoa alfajiri na kuzirudisha kama saa nne asubuhi. Kisha naongeza muda mpaka miche inakaa wazi kutwa, mchana wa jua kali ukiwamo. Sivui kivuli chote kwa mara moja, maana jani lililokulia gizani linaungua hata kama udongo umelowa. Na siharakishi, kwa kuwa jani linaweka nta nyingi wakati linakua. Zile siku zinatoa nafasi kwa majani mapya kukua yakiwa tayari yanaliona jua.

Kwenye maji nafuata jani kuliko saa. Nasubiri mche ulegee kidogo mchana na kujisimamisha wenyewe jioni, ndipo nanywesha, na nanywesha vizuri. Ukikuta asubuhi bado umelegea, umepitiliza. Mwagia mara moja na urudi nyuma hatua. Wenye udongo wa luseni, yaani wa kichanga, wawe waangalifu zaidi, kwa sababu mchanga unapoteza maji haraka: chomeka kidole, usiangalie juu tu. Urea naacha kabisa kipindi hicho. Mche ulioshibishwa nitrojeni unakuwa mrefu, laini, unapendeza macho, na ndio wa kwanza kulala. Pia usiendelee na mazoezi haya wiki tatu ukidhani unaongeza nguvu. Shina linakakamaa, mche unadumaa, na kabichi yake inakuwa ndogo.

Siku ya kuhamisha, nywesha kitalu saa chache kabla ya kung'oa, hamisha jioni au siku ya mawingu, mwagia maji kila shimo. Kwa nyanya utaratibu ni uleule, ila jaribio la tone halikufai sana kwa sababu jani lake lina vinyweleo. Angalia shina: limenenepa kidogo na kukolea rangi.

Sasa dawa. Nta hiyohiyo inayookoa mche inawasumbua wapulizaji, maana dawa inaviringika na kudondoka chini. Wengi mwambao huu wanatia sabuni ya unga ya kufulia kwenye bomba. Mimi nasema waziwazi: acheni. Sabuni ya kufulia imetengenezwa ili ing'oe mafuta, na juu ya jani itang'oa yale ambayo mmea umehangaika kuyavusha. Nimeona kabichi zilizopuliziwa hivyo zikigeuka kijani cha kung'aa, kisha madoa ya kuungua yakafuata.

Haki itendeke pia: nta si faida tupu. Imeonekana kwamba kabichi za aina zenye majani ya kung'aa, zisizo na nta nyingi, viwavi wa nondo mgongo wa almasi wanazishambulia kidogo kuliko zile za kijivu. Lakini huo ni uzao wa mbegu, wala haupatikani kwa kuosha jani kwa sabuni.

Dawa ikiviringika, anza kwa kupunguza ukubwa wa tone. Badilisha pua ya bomba iliyopanuka, ongeza pampu, na uelekeze dawa chini ya jani ambako viwavi wengi wanajificha. Bado haishiki? Uliza duka la pembejeo dawa ya kunatisha iliyosajiliwa, tumia kipimo cha kwenye lebo, pulizia mistari miwili tu, na subiri siku tatu uone majani yamesema nini kabla hujaingia shamba zima.