Uliza Fundi: Duara linatoka kama yai

SWALI: Shikamoo fundi. Mi naunda mageti hapa Morogoro, wateja saivi wanataka maua na majani ya kukatwa kwenye pleti ya milimita 6, nami nakata kwa gesi mkono mtupu, nafuata chaki. Geti moja maua 16 na hakuna mawili yanayofanana, nashinda na grinda mpaka jioni. Mashine ya kompyuta siiwezi. Nikajaribu kuunda ile mikono ya kufuatisha, huku kipini kinapita kwenye patani, yaani kile kipande cha umbo la kufuata, kule tochi inakata, nimetumia flatibaa na bolti, duara likatoka kama yai. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba fundi, wala usijilaumu, hata mimi nimekata mayai ya kutosha. Ya kwanza niliyounda nilitoboa flatibaa kwa dirili ya mkono, bolti ya 10 kwenye tundu ambalo lilishakuwa 10 na nusu, nikaona nusu milimita si kitu. Sasa shika kiungo kimoja ukitikise, kinacheza kidogo tu, afu nenda kashike tochi yenyewe kule mwisho uitikise uone. Yangu ilikuwa inacheza karibu milimita 3, coz kila kiungo kinaongezea cha kwake na urefu wa mkono unakuza.

Hiyo uliyounda ni pantografu, kitu cha zamani kweli, Mjerumani mmoja Christoph Scheiner aliibuni mwaka 1603 kwa ajili ya kunakili michoro, na kwenye karatasi ni tamu maana kalamu haina uzito. Tochi ina uzito na ina mipira miwili inayovuta. Ukiing'ang'ania basi hakikisha nguzo (pale mikono inapofungwa isihame), kipini na tochi vimekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, weka uzi upime, visipokuwa kwenye mstari hakuna umbo litakalotoka sawa. Na tochi ikae katikati kati ya nguzo na kipini, patani uichonge kubwa mara mbili, hapo mkono ukitetemeka milimita 2 moto unatetemeka 1.

Lakini mimi ningekuwa wewe ningeachana nayo. Kiukweli kwa maua ya geti weka tochi chini ya rola inayotambaa kwenye ukingo wa patani, kwenye mhimili mmoja, basi. Yaani unaunda mkono wa vipande viwili kama mkono wa mtu, bega kwenye nguzo, kiwiko katikati, na kwenye kiganja unafunga chuma chenye umbo la C. Juu ya C inakaa mota na rola inayoning'inia, chini ya C inakaa tochi, na patani inashikwa na mkono wake mwingine kutoka kwenye nguzo, inaingia kwenye mdomo wa hiyo C. Rola ikizunguka ukingo wa patani tochi inazunguka vilevile huku chini kwenye pleti. Uzuri wake ni kwamba kiwiko kikicheza kidogo kwenda kushoto na kulia haidhuru, anayeamua njia ni rola sio kiwiko. Kinachodhuru ni mkono kuinama, tochi inalala. Kwa hiyo kila kiungo beringi mbili, moja juu moja chini, ziachane kama sentimita 8, mi natumia namba 6202, tundu milimita 15 nje 35, maduka ya spea zimejaa.

Kuilenga tochi chini ya rola usitumie macho. Toa nozo, ning'iniza timazi kutoka ncha ya rola, uzi upite katikati kabisa ya pale nozo inapokaa. Mimi hapo nilipoteza asubuhi nzima na sijutii.

Rola ni nondo laini ya milimita 10, mpelekee fundi wa kukereza vyuma aitie meno madogo ncha isiteleze. Izungushie koili ya waya iliyosukwa kwenye kibomba, nondo inazunguka katikati, ukiipa 12 V rola inakuwa sumaku inang'ang'ania patani, ukizima inaachia. Wengine wanaweka sumaku zile ndogo kali za kung'aa, angalia, nyingi zinaanza kufa zikipita nyuzi joto 80 na hapo chini kuna moto. Patani lazima iwe chuma, sio alumini.

Mota ya waipa ya gari inatosha ila ina haraka. Spidi ndogo inazunguka kama mara 45 kwa dakika, rola ya 10 inasogea milimita 31 kila mzunguko, hiyo ni zaidi ya 1,400 kwa dakika na gesi kwenye pleti ya 6 inataka kama 500 hivi. Tafuta kile kidude cha kupunguzia spidi ya mota za 12 V ushuke mpaka mizunguko 16, halafu cheche zenyewe zitakwambia, zikirudi juu punguza.

Sasa pale wengi wanapolia: patani haiwi saizi ya ua. Katikati ya rola iko milimita 5 nje ya patani, na moto unakula njia ya kama 2, nusu yake inaingia upande wa ua, kwa hiyo ua linazidi patani kwa 4 kila upande. Unataka duara la 200? Patani ikate 192. Kwa tundu la ndani geuza, patani iwe 208. Na kona za ndani zilizobana sana rola ya 10 haiingii, zichore za mviringo toka mwanzo.

Kuanza kukata, vuta ile C yenye rola na tochi nje ya patani, toboa kwenye chuma cha kutupa, afu isindikize rola mpaka ishike. Mipira ya gesi itundike juu kwa springi. Na viungo vya mkono ukivipaka grisi ifute yote inayovuja, grisi na oksijeni havikai nyumba moja.

SWALI: Fundi, niko Kisumu, nina mkono kama huo wa gesi. Nikiweka stenlesi itakata?

JIBU: Haikati ndugu, itayeyuka tu iache uji. Gesi inakata kwa kuunguza chuma chenyewe, na stenlesi ina kromiamu, inatengeneza ngozi inayozuia kuungua. Funga tochi ya plazma, ile inayokata kwa umeme, palepale kwenye kiganja, mkono ni uleule, ila upana wa njia ya moto unabadilika kwa hiyo pima upya kwenye kipande cha kutupa kabla hujachonga patani.