Machi hapa Masasi hakuna anayejua atauza nini

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kinachomwelemea zaidi mfanyabiashara ni kipi, kiwango cha kodi au makaratasi yake. Wengi watawajibu kiwango. Mimi nina steshenari hapa Masasi. Natoa kopi, nachapa barua, na tangu mambo ya kodi yahamie mtandaoni watu wananiletea TIN zao, yaani namba za mlipakodi, niwajazie fomu. Nimeshika maneno ya siri ya watu kuliko mganga. Kwa ninavyoona kutoka kwenye kiti hiki, karatasi zinabebeka. Kinachoumiza ni tarehe zake. Na nisifiche, karatasi hizo ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nikizitetea kidogo mtanielewa.

Huku Kusini hela ina msimu. Katikati ya mwaka mkulima wa korosho yuko shambani anapuliza dawa ya salfa na kuomba maua yasishikwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu. Minada hufunguliwa Oktoba. Kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliopo kwenye korosho tangu 2007, mzigo unapelekwa chama cha msingi cha ushirika, unauzwa mnadani, malipo yanaingia benki. Siku yanapoingia huhitaji kutangaziwa: foleni ya benki inafika barabarani, bati na saruji havikai dukani, fundi cherehani analala saa nane za usiku. Muuza vitenge, mwenye vipuri vya pikipiki, mama wa chakula, sote tunakula kwa mkulima. Baada ya hapo ni kukopeshana na kuandikana madaftarini mpaka Oktoba nyingine. Mkulima aliyebanwa sana katikati anauza korosho yake ikiwa bado juu ya mti, ile kangomba inayopigwa marufuku kila mwaka.

Sasa itazameni kalenda ya kodi. Makadirio ya mapato ya mwaka hufanywa mwanzoni, na awamu ya kwanza hulipwa kufikia 31 Machi. Zinafuata 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba, mafungu manne yanayolingana. Kwa mshahara wa mwezi au kwa duka la Kariakoo labda inakaa vizuri. Kwetu awamu tatu zinaangukia kwenye ukame na moja tu ndiyo inayokuta hela. Makadirio yenyewe unayafanya mwezi ambao mkorosho haujatoa hata ua. Dada mmoja muuza vitenge alikaa mbele yangu nikamuuliza mauzo ya mwaka niandike shilingi ngapi. Akanyamaza. Nikasema basi tuanzie ya mwaka jana. "Kaka, mwaka jana korosho ilikuwa na bei." Jibu sahihi kabisa, ila fomu haina kisanduku chake. Akikadiria juu amejifunga kulipa ambacho hajauza. Akikadiria chini mno, riba inamngoja mwisho wa hesabu.

Anayedhani nakuza mambo akumbuke msimu wa 2018. Bei za mnadani zilikataliwa, Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mzigo, uhakiki wa wakulima ukavuta muda na malipo yakachelewa kwa wengi. Mwenye duka aliyefanya makadirio yake Machi mwaka ule angeyajuaje hayo?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mzigo wa kodi ni uleule kwa wote. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inairuhusu kampuni kuomba mwaka wake wa hesabu uwe tofauti na mwaka wa kalenda. Mtu binafsi hana nafasi hiyo, wake ni Januari hadi Desemba, na Desemba ndiyo katikati ya msimu wetu. Kwa hiyo mnunuzi mkubwa wa korosho anaweza kuipanga kalenda yake ifuate mnada, na ana mhasibu wa kumwandikia maombi. Dada wa vitenge anafunga duka nusu siku, siku ambayo pengine wateja wangefika, anakuja kwangu kukuta mtandao umekatika.

Kuhusu daftari la mauzo, naliunga mkono, na wateja wangu wanajua ninavyowasumbua nalo. Jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo nimelibandika ukutani. Mwenye mauzo ya shilingi milioni 10 kwa mwaka asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 180,000. Daftari la kaunta limemwokolea 70,000. Hakuna karatasi nyingine ya kodi inayomlipa mtu namna hiyo, na bado wengi hawaandiki, eti ukiandika umejianika.

Risiti ni habari nyingine. Mashine za kielektroniki zilianza 2010, na sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto, na kwa joto la huku inafutika. Risiti ya bati ukiiacha juu ya friji ya soda, baada ya miezi kadhaa umebaki na karatasi nyeupe. Ndiyo maana watu wananiletea mafungu ya risiti niyatoe kopi, na mimi natoza kila ukurasa. Mfanyabiashara analipa ili ushahidi wa kwamba alilipa usipotee.

Tarehe 7 za kodi ya mishahara na tarehe 20 za VAT, kodi ya ongezeko la thamani, siziongelei sana, zinawahusu wachache hapa. Ila vijana waliosajili kampuni wakitarajia tenda, tenda isije, wanakuja kwangu wakishangaa: kampuni haijauza hata peremende lakini inatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato yake, na faini ya kuchelewa inahesabiwa kwa mwezi. Hakuna aliyewaambia siku ya kusajili. Hao ndio wanaonitia huruma kuliko wote, maana wengine angalau waliuza.

Nini kifanyike? Kupunguza kiwango kungefurahisha, lakini 31 Machi ingebaki palepale. Mikoa inayoishi kwa zao moja, mfanyabiashara mdogo apewe ruhusa ya kulipa awamu kubwa Desemba na ndogo miezi mingine, jumla ya mwaka ikibaki ileile. Hazina haipotezi senti, inasubiri tu kama sote tunavyosubiri mnada. Na kabla hilo halijafika, sheria tayari inaruhusu makadirio kurekebishwa ndani ya mwaka. Wanaoitumia nafasi hiyo hapa mjini ni wenye wahasibu. Dada wa vitenge alisikia kwangu, na nilimwona haniamini. Semina ya kodi ikija tena Masasi, waanze na hilo, "ukinunua dai risiti" tumeshaikariri.

Msomaji, Masasi, Mtwara