Mdogo wangu mrushaji, mitupo yako ihesabu mwenyewe

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa kukaa nyuma ya wavu na daftari mkononi, pamoja na tochi ya kupima kasi, sawa na ile ya trafiki wa barabara ya Morogoro. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, besiboli sijawahi kuiona. Mchezo wa karibu nilioujua ni kriketi ya Upanga. Timu ya chuo ilitaka mtu wa kuandika kila mtupo wa mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji: aina yake, kasi yake, umeangukia wapi. Nililipwa kwa saa. Siku hizi vijana wetu waliokulia huku huniuliza njia ya kutoka chuo hadi Ligi Kuu ya besiboli, MLB. Nawajibu kwa yale ya daftari, maana mkono wangu haujarusha kitu cha maana zaidi ya jiwe la kuangulia embe.

Kanuni kwanza, haraka haraka. Ukiingia chuo cha miaka minne, kwa kawaida huchaguliwi kwenye drafti, pale timu za Ligi Kuu zinapochagua vijana kwa zamu, mpaka umalize mwaka wa tatu au ufikishe miaka 21. Vyuo vya miaka miwili havina ngoja-ngoja hiyo. Ukichaguliwa, unaanzia ligi za chini. Makubaliano ya 2023 yaliweka kima cha chini cha dola 35,800 kwa mwaka kwa Triple-A, ngazi moja tu kabla ya Ligi Kuu. Ngazi ya mwisho kabisa ilikuwa dola 19,800. Waambie wazazi mapema, wao wameshasikia mamilioni.

Mamilioni yapo, ila ni ya watu kama Paul Skenes. Huyu alianzia Chuo cha Jeshi la Anga, Colorado, akidaka, akirusha na kupiga. Kadeti akishaingia mwaka wa tatu pale anafungwa na utumishi wa jeshi, kwa hiyo baada ya miaka miwili akahamia Louisiana State. Huko gongo akaliweka chini, akabaki na kurusha. Msimu wa 2023 aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani walimaliza nafasi zao tatu bila kuupiga mpira vizuri, rekodi ya kanda yao ya SEC. Timu ikatwaa ubingwa wa vyuo, na Julai Pittsburgh Pirates wakamchagua wa kwanza kabisa. Kusaini tu, dola milioni 9.2.

Hizo ndizo namba ambazo kila kijana anazo kichwani. Mimi hutazama nyingine. Mwaka huo chuoni alikuwa amesharusha zaidi ya raundi 120 (mechi moja ni raundi tisa), na Pirates hawakumpa hata raundi saba kamili hadi msimu ukaisha. Mei 11, 2024 akaingia Ligi Kuu dhidi ya Chicago Cubs. Siku sita baadaye, ugenini Chicago, raundi sita zilipita bila mpigaji yeyote kumpata kwa gongo, kisha akatolewa. Alikuwa kwenye mtupo wa 100. Julai kule Milwaukee ikawa vilevile: raundi saba, hakuna aliyempata, mitupo 99, nje. Wengine walinuna. Mimi nilisimama peke yangu sebuleni nikampigia makofi mwenye daftari.

Chuoni kwetu kulikuwa na kijana mpole, mkono wake mali. Siku moja ya Aprili, kwenye mtupo wa 118, nilimwonyesha kocha msaidizi ukurasa wangu. Akasema, "Bado mpigaji mmoja." Hakuwa mmoja. Tochi ilishasema: kasi imeshuka, na mipira inapaa, dalili ya mkono uliochoka. Nikanyamaza, mtu wa kulipwa kwa saa. Msimu uliofuata kijana aliutazama akiwa benchi, kano ya kiwiko imeundwa upya kwa upasuaji ule unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, 1974. Kurudi uwanjani huchukua mwaka na zaidi.

Kwa hiyo andika mwenyewe. Mwongozo wa Ligi Kuu kwa vijana wa miaka 17 na 18 ni mitupo 105 kwa siku, basi. Ukivuka 80, pumzika siku nne. Kiangazi utachezea timu mbili na kila kocha atahesabu ya kwake. Ya kupasha mwili hahesabu mtu, ila kiwiko kinayajua yote.

Ushindi, ambao huandikwa kwa jina la mrushaji, usiuhesabu. Mwaka 2025 Skenes alishinda mechi 10 akapoteza 10, timu yake haifungi. Yeye aliruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila raundi tisa, na tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, akapewa kwa kura zote.

Ukialikwa kutembelea chuo, utaonyeshwa gym, viatu vipya na kabati lenye jina lako. Vitazame, shukuru. Halafu omba kuonana na mtu wa daftari, kocha asiwepo, umuulize ni lini mara ya mwisho mrushaji alitolewa kwa sababu ya ukurasa wake.